Ndoa ya Kudra Mbele ya Mashini ya Picha

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa saba, 1968

Mudomo wangu umejaa na nyumbani hakuna wa kumumwagia. Basi daftari. Shule sikuona hata kizingiti chake. Herufi hizi za Kiarabu nilifundishwa na marehemu mume wangu, kwa makaa, ukutani, kabla hatujapata mutoto. Hapa mutaani kwetu Buyenzi anayeweza kusoma muandiko wangu ni Mwalimu Yahaya wa musikiti peke yake, na macho yake yamekwisha. Niko salama.

Jana sikukuu ya uhuru, mwaka wa sita. Wanawake wa barabara yetu tumeimba uwanjani mupaka koo zikakauka. Baadaye, kivulini, mujukuu wangu Kudra akawa anawasimulia wenzake sinema ya Wahindi aliyoona juzi. Huyu mutoto hasimulii kama watu. Anakuwa mama mukwe, anakuwa bwana mulevi, anakuwa hata farasi. Wanawake wamelia, kisha wamecheka, kisha wamelia tena. Kumbe nyuma yao amesimama muzungu na kofia mukononi. Haelewi hata neno — naye macho yamelowa!

Leo amefika nyumbani. Mesie Roland, mutengeneza sinema. Amekuja na Béatrice, mukimbizi wa Bukavu, zamani alikuwa anafundisha shule, sasa anamutafsiria. Sinema yenyewe ni ya bibi harusi wa kando ya ziwa, anaitwa Zaina. Anaolewa, kisha bwana anamukimbia. Muzungu anataka Kudra awe huyo Zaina. Nikamuuliza Béatrice, na huyo bwana atamushika wapi mutoto wangu? Akacheka, akasema hamushiki popote. Nikasema tutaona.

Kudra ana miaka kumi na tisa. Tangu mugeni aondoke hajala kitu. Anajitazama katika kifuniko cha sufuria.

Alhamisi, tarehe 4

Mohamadi amekuja, ndevu mbele yeye nyuma. Ndiye mutoto wangu wa pili. Wa kwanza, Rachidi, baba ya Kudra, alikufa na homa miaka saba iliyopita, na tangu hapo Mohamadi ndiye walii wa mutoto, mahali pa baba. Anasema sinema ni aibu, jina la ukoo litachafuka. Nikamukumbusha nani alikuwa anatoroka chuoni kwenda kuona sinema za bunduki, na nani alikuwa anamufichia viatu. Mwisho amekubali, na sharti: kila siku atakuwa pale, ameketi, anatazama. Nikasema na mi nitakuwa pale. Muzungu atalisha ukoo muzima.

Jioni Kudra amenionyesha ukuta wake. Amebandika picha za wanawake wa sinema, alizokata katika gazeti kuukuu la Muhindi wa duka la vitambaa. Anajua maisha ya kila mumoja kama vile ni shangazi zake. Huyu alianza kazi mudogo kwa sababu baba alikufa, akalisha ndugu sita. Huyu aliolewa, mume akamukataza kazi, sasa hakuna anayejua yuko wapi. Na huyu hapa, mwenye kidoti, ndiye anapendwa kupita wote, lakini akiimba si yeye. Anafungua mudomo tu, mwanamuke mwingine anaimba nyuma ya ukuta.

Nikauliza, na huyo wa nyuma ya ukuta, picha yake iko wapi?

Hakujua. Tukabaki wawili tunatazama ukuta.

Jumatatu, tarehe 8

Ruziba, kando ya ziwa, siku ya tatu ya kupiga sinema. Nilifikiri ni muchezo. Ni kulima! Wanangoja jua. Jua likija, wanangoja wavuvi wanyamaze. Wavuvi wakinyamaza, jua limekwenda. Kudra anatembea kutoka mulangoni mupaka majini na mutungi kichwani, mara moja, mara tano, mara tisa, na kila mara lazima iwe kama ndiyo mara ya kwanza. Halalamiki. Mi miguu imeniuma kwa kumutazama tu.

Leo alipaswa kulia. Mesie Roland akasema sasa, na machozi yakaja, kweli, makubwa. Walipomaliza nikamuvuta pembeni, nikamuuliza anayatoa wapi.

Akasema, “Namufikiria baba, asubuhi, anafunga mukanda.”

Nikaenda upande wa mitumbwi kujifanya natazama samaki ndagala. Rachidi alikuwa anafunga mukanda huku anapiga mluzi. Sikujua kama mutoto aliona.

Yule aliyeletwa kuwa bwana wa Zaina, muigizaji kutoka Kinshasa, miwani myeusi, kiburi kama jogoo wa jirani — malaria imemukamata. Wamemurudisha kwao. Mesie Roland ameshika kichwa.

Alhamisi, tarehe 11

Bwana mupya amepatikana chini ya gari la jipu. Amissi, fundi wa magari, mutoto wa Fatouma wa barabara ya nane. Aliitwa kutengeneza jipu ya wazungu. Alipojitoa chini yake, mafuta mupaka kwenye nyusi, Mesie Roland akapiga kelele asijifute. Maskini kijana alifikiri amevunja kitu.

Hajui kuigiza hata kidogo. Anatazama mashini ya picha kama vile itamuuma. Kudra amemufundisha: asimutazame machoni, atamuchekesha, amutazame sikio. Tangu hapo anamutazama sikio. Mimi nina macho. Lile sikio amelitazama hata wakati mashini imezimwa.

Jumamosi, tarehe 13

Leo nimemufundisha muzungu kazi yake!

Ilikuwa siku ya kupiga picha ya ndoa. Mesie Roland amemusimamisha bibi harusi kando ya bwana harusi, bega kwa bega kama kwa mapadri, na mbele yao mupishi wa hoteli amevalishwa kanzu, anainua mikono. Nilivumilia mara moja. Mara ya pili nikatembea nikasimama mbele ya mashini. Nikamuambia Béatrice amuambie: hapa kwetu bibi harusi hayuko hapo. Yuko ndani. Walii wake anakwenda na mashahidi wawili, anamuuliza nyuma ya pazia kama amekubali, kisha anarudi mukekani, anashikana mukono na bwana, goti kwa goti, na yeye ndiye anaozesha. Ukionyesha hiki ulichofanya, watu wa Buyenzi watavunja viti.

Béatrice ametafsiri, naona na chumvi ameongeza. Mesie Roland akavua kofia, akasema nimuonyeshe.

Nikapanga kila kitu. Wazee wa Buyenzi waliokuja kuketi tu kama watu wa nyuma, nikawaweka mashahidi. Mohamadi alikuwa pale na ndevu zake. Nani mwingine awe walii? Jipu ikaenda kumuleta Mwalimu Yahaya asome hotuba ya ndoa kwa moyo. Yule mupishi akarudi kwenye vyungu vyake, amefurahi.

Sasa jina. Katika sinema ni Zaina binti Salumu. Mwalimu akakataa. Amesema hawezi kusoma hotuba ya ndoa juu ya watu ambao Mungu hakuwaumba. Nikamuunga mukono. Nikasema kwa sauti, wote wamesikia: mutaje majina yao ya kweli, maneno ya Mungu si ya kudanganyia. Mesie Roland akasema tuseme tunavyopenda, mashini yake inachukua picha tu, sauti zitatiwa baadaye huko Ulaya.

Basi Mohamadi akaenda kwa pazia. Kudra akajibu amekubali. Mohamadi akarudi, akamushika Amissi mukono, akamuozesha Kudra binti Rachidi, na mahari ni saa ya mukono ya Mesie Roland, iliyowekwa kwenye sahani. Amissi akasema amekubali kumuoa. Mara ya kwanza mbuzi amepita. Mara ya pili wingu. Mara ya tatu Amissi jasho limemuingia machoni.

Mara ya nne ilikuwa tamu. Sauti ya yule kijana imeshuka chini, kama mutu anayepokea mutoto muchanga. Wanawake wamepiga vigelegele bila kuambiwa. Hata mi.

Kisha Mesie Roland amevaa saa yake tena. Mahari imekwenda zake!

Jumapili, tarehe 14

Mugongo. Nimelala muchana kutwa.

Ijumaa, tarehe 19

Nitaandika hili mara moja kisha nitanyamaza.

Baada ya sala, wazee wa siku ile wamemutania Amissi uani mwa musikiti. Bwana harusi, wali wetu uko wapi? Bwana harusi, muke anapika kwa nani? Wanacheka. Mumoja akamugeukia Mwalimu Yahaya amuchekeshe naye. Mwalimu hakucheka. Akafikiri sana. Kisha akawakumbusha neno la Mtume: kuna mambo matatu ambayo ukisema kwa kweli ni kweli, na ukisema kwa muzaha ni kweli vile vile. Ndoa. Talaka. Na kumurudia muke.

Akahesabu kwa vidole. Walii alikuwepo, walii wa haki. Mashahidi walikuwepo, si wawili, kumi na wawili. Mahari imetajwa. Bibi harusi ameulizwa, amejibu. Na majina yalikuwa yao.

Mohamadi amefika hapa anakimbia, kandambili moja mukononi. Ananiuliza mi tufanye nini. Mi! Kudra alianza kucheka. Akatuangalia mumoja mumoja, akaona anacheka peke yake.

Majina ni mimi niliyesema. Mohamadi asingeyataja, leo tungekuwa tunacheka wote. Nimemuozesha mujukuu wangu kwa ujuaji wangu.

Jumamosi, tarehe 20

Fatouma, mama ya Amissi, ameingia na sahani ya sambusa na kanga mupya begani, ananiita bamwana, mukwe mwenzake, toka mulangoni. Bamwana! Kama vile tumekwisha kubadilishana watoto. Miaka miwili anamutaka Kudra kwa mutoto wake, na miaka miwili najifanya sioni. Nikamuambia jambo bado linajadiliwa. Akasema tulijadili huku tunakula.

Sambusa zake ni nzuri, siwezi kudanganya daftari langu mwenyewe. Na Fatouma si mutu mubaya. Amelia kidogo. Anasema Amissi tangu Ruziba hali vizuri, na akilala chini ya gari anakaa huko muda murefu kuliko kazi inavyotaka.

Kudra hakutoka chumbani.

Jumanne, tarehe 23

Kazi ya Ruziba imekwisha, wazungu wanafunga masanduku. Béatrice amekuja na habari.

Sauti zinatiwa huko Ulaya, Brusele. Kuna chumba, mutu anasimama anatazama picha yake ukutani, anasema tena maneno yote, na midomo lazima iende pamoja. Mesie Roland anamutaka Kudra aende mwenyewe, wiki sita. Ndege ni Jumatano ya wiki ijayo. Asipoenda, huko kuna musichana mwanafunzi, mutu wa Katanga, ambaye atasema mahali pake.

Kudra hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, kwamba basi atakuwa mudomo. Kilio ni chake na sauti ni ya mutu mwingine. Nikajua anafikiria yule wa kidoti.

Pasipoti karibu iko tayari, Béatrice amekimbilia hilo. Lakini Kudra hajafika miaka makumi mbili na moja. Ofisi inataka saini: walii wake, ao mume kama anaye.

Mohamadi amekataa. Nimemubembeleza, nimemutukana, nimemupikia. Amekataa. Anasema alikubali Ruziba kwa sababu alikuwa anaona kwa macho yake. Brusele ataona na nini? Musichana hajaolewa, peke yake, kwa wazungu. Kisha akasita, kwa sababu neno “hajaolewa” limemukwama katika koo. Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine.

Alhamisi, tarehe 25

Mwalimu Yahaya ameuliza wenzake. Wamegawanyika. Wengine wanasema aliyeigiza ni kama musomaji wa kitabu, hafungwi na anachosoma. Wengine wanasema imefunga, tena kwa kamba nene. Yeye mwenyewe anaona dawa ya kuondoa shaka ni moja: Amissi atoe talaka, basi. Hawajakaa pamoja, hakuna hata eda. Nyepesi, anasema.

Nyepesi kwa nani? Mutoto wa miaka kumi na tisa aitwe muachwa kwa ndoa ambayo hata pilau haikupikwa! Na akishaachwa anarudi chini ya Mohamadi, na Mohamadi hasaini. Kila mulango tunaofungua, nyuma yake yuko Mohamadi.

Nimekwenda gereji. Nikaketi juu ya gurudumu, nikamungoja Amissi atoke chini. Nilikuja na maneno makali, nimeyapanga njia nzima. Alipotoka, amepanguza mikono muda murefu, hakunitazama. Nikamuuliza atatoa hiyo talaka ao hapana.

Akasema, “Bibi, watu wanasema nilikuwa nacheza. Mara ya kwanza, nilicheza. Mara ya nne, sikucheza.”

Kisha akasema kama Kudra anaitaka talaka, atakuja aitoe siku hiyo hiyo, hatamufunga mutoto wa watu. Maneno yangu makali nimerudi nayo nyumbani yote.

Jumapili, tarehe 28

Nilikuwa nachagua maharage. Jiwe huku, haragwe huku. Nikasimama, maharage yote chini.

Ofisi inataka walii ao mume! Kama ndoa imefunga, Kudra si wa Mohamadi tena. Mume ndiye anasaini. Tumekaa juma zima tunamutafutia mutoto njia ya kutoka katika ndoa, kumbe ndoa yenyewe ndiyo njia ya kwenda.

Nikaenda kwa Mwalimu Yahaya na vumbi la maharage mikononi. Akasema ndiyo, aliyeolewa ruhusa yake ni kwa mume. Ataandikisha cheti, mashahidi wapo. Akatikisa kichwa, akaniambia kama ningezaliwa mwanaume angenipa mimbari.

Nikamurudia Kudra na furaha yangu. Akaniharibia.

“Bibi, sitaki kuwa muke kwa sababu ya karatasi,” amesema. “Na sitaki kuachwa kwa sababu ya sinema.”

Nikamuuliza basi anataka nini, Ruziba si aliulizwa, si alijibu? Akasema aliyejibu alikuwa Zaina. Mara nne Zaina alijibu, na alijibu vizuri kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake. Kudra bado hajaulizwa na mutu.

Mi mwenyewe, mwaka ule niliolewa, nani aliniuliza? Niliambiwa nioge. Nilipata mutu mwema, lakini nilimupata kama mutu anayeokota kitu njiani.

Nimemutuma jirani kwa Amissi: kesho aje. Aje ameoga.

Jumatatu, tarehe 29

Naandika huku mambo yanaendelea. Niko chumbani, karibu na dirisha la uani, mugongo kwa Kudra na Amissi. Ndiyo sharti la Mohamadi: wasiachwe peke yao. Haya, hawako peke yao. Mugongo wangu upo.

Barazani wameketi Mwalimu Yahaya, wazee wawili na Mohamadi. Wamekuja kusikia talaka ao kuandika cheti, moja kati ya hayo. Kahawa wamekunywa mara mbili. Fatouma amejileta pia, hakuitwa. Nimemupa vitunguu akate, machozi ayatolee jikoni.

Amissi ameoga kweli. Shati jeupe, limepigwa pasi. Kwenye kucha tu mafuta yamebaki. Amewasalimu wazee, kisha akasema mbele yao kwamba kabla ya neno lolote anaomba kuongea na Kudra mwenyewe. Mohamadi akainuka. Nikamuambia keti. Akaketi.

Wamekaa uani, Amissi kwenye kinu, Kudra kwenye ngazi. Kisha nimesikia karatasi. Amissi ameshaisaini ile ya ofisi! Béatrice alimupa jana bila kuniambia, yule mwanamuke naye. Anasema ameisaini kabla ya kuja ili isiwe ya kununulia kitu. Ni ya Kudra. Aende Brusele, aseme maneno yake. Akirudi, kama talaka anaitaka, ataitoa bila ugomvi.

Kudra hakushukuru. Vizuri. Asishukuru haraka.

Kisha Amissi akamuuliza. Namuandika kama alivyosema, kwa sababu sijawahi kusikia mwanaume akiuliza hivi hapa nyumbani: “Si Zaina. Wewe. Unanitaka?”

Barazani mutu amekohoa. Fatouma jikoni ameacha kukata.

Kisha nimemusikia mujukuu wangu, sauti yake mwenyewe, kavu, si ya mama mukwe wala ya bibi harusi wa kando ya ziwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

“Na nikirudi, na wakaniita tena? Na mara ya tatu? Nikiwa na mutoto mugongoni, wakaniita?”

Namusikia Amissi anajikuna ukucha. Mwalimu ameuliza barazani kama tumemaliza, na Mohamadi anainuka tena, nimesikia kiti. Sigeuki. Nikigeuka nitasema mimi, na safari hii si mimi wa kusema.

Jibu, mutoto wa Fatouma. Usimutazame sikio. Jibu.